Kazi ya Mazingaombwe: Mashauri kwa Atakaye Kuishi kwa Ufundi Huo

Hapana shaka wengi wenu, wasikilizaji na wasomaji wetu, mmepata kumwona mfanya mazingaombwe. Huja shuleni mwisho wa muhula, au hufika uwanjani penye watu wengi, na sanduku lake kwapani. Hutoa utepe mrefu kinywani, hutia sarafu katika leso ikatoweka, kisha huiokota nyuma ya sikio la mtoto aliyeketi mbele. Watoto hupiga kelele, wazee hutikisa vichwa, kofia hupitishwa, na mtu yule hwenda zake. Hayo ndiyo tuyaonayo. Tusiloliona ni kwamba mtu yule yu kazini kama seremala alivyo kazini. Naye ana nauli ya kulipa, ana watoto wa kulisha, na kesho hana budi kupata uwanja mwingine.

Leo twataka kunena habari za kazi hiyo, jinsi mtu awezavyo kuishi kwayo bila kufa njaa, bila kufungwa, na bila kujiua. Hatutafundisha mchezo wowote. Tutatazama maisha ya mafundi waliotangulia, hasa wa Ulaya na Marekani na India ambao habari zao zimeandikwa, tuone ni nini kilichowanyanyua na ni nini kilichowaangusha.

Na tuseme tangu mwanzo neno ambalo laweza kuwashangaza vijana: siri ndiyo sehemu ndogo ya kazi hii. Siri hununuliwa. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani yamekuwapo kwa miaka mingi maduka yauzayo vyombo vya mazingaombwe pamoja na maelezo yake, na mwenye fedha hutoka na mchezo mfukoni kama atokavyo na kiberiti. Kisichouzwa dukani ni kumfanya mtu mzima mwenye akili zake asahau kuutazama mkono wa kushoto. Jicho la mwanadamu hufuata kitu kinachokwenda. Hufuata pia mahali ambapo macho ya mwonyeshaji yenyewe yanatazama. Na mara baada ya kicheko hulegea kidogo. Fundi hufanya kazi yake katika nafasi hizo. Akiutazama mkono wake wa kulia kwa imani kamili kwamba sarafu imo, watu nao wataamini imo, ijapokuwa imekwisha ondoka zamani. Lakini akiutupia mkono wa kushoto jicho la hofu hata mara moja, amekwisha. Ustadi huo haupatikani kwa juma moja. Hupatikana mbele ya kioo, kwa miezi, kwa kurudia tendo moja hata mkono ulifanye wenyewe, kama mshonaji asivyoitazama sindano yake.

Kwa sababu hiyo twamshauri anayeanza asikusanye michezo. Husimuliwa habari ya Mwingereza David Devant, aliyezaliwa mwaka wa 1868 na kuwa fundi mkuu wa Uingereza katika zama zake. Kijana mmoja alimjia akajisifu kwamba ajua michezo mia tatu. Devant akamjibu kwamba yeye ajua minane. Kama kisa hicho kilikuwa hivyo hasa au kimeongezwa chumvi, maana yake ni kweli. Mwenye kuajiri humlipa fundi kwa dakika ishirini au nusu saa, na katika nusu saa haiingii michezo mia tatu. Huingia minane.

Hapa Afrika ya Mashariki liko swali moja ambalo fundi hukutana nalo kabla ya mengine yote: je, huo si uchawi? Asilicheke swali hilo. Sheria ya uchawi iliwekwa Kenya mwaka wa 1925, na Tanganyika mwaka wa 1928, nazo hazikuwahusu wale tu waliodhaniwa kuwa wachawi. Zilimhusu hata mtu aliyejidai kuwa na uwezo huo. Basi mtu atakaye kuishi kwa mazingaombwe hana budi kujua sheria ya nchi yake ikoje, na kusema wazi mwanzo wa onyesho kwamba haya ni kiinimacho, ni wepesi wa mikono na vyombo vilivyotengenezwa. Asiagulie mtu. Asitafute mwizi. Asikubali fedha ya mtu anayemwomba azidishe noti, hata mtu huyo akimsihi kwa machozi. Maneno hayo ya wazi hayapunguzi furaha ya watu hata kidogo. Tena fundi anayesema wazi kuwa atawadanganya, kisha akawadanganya kweli, husifiwa maradufu.

Yuko mtu mmoja ambaye kazi yake katika jambo hili yataka kutazamwa kwa pande mbili. Jean-Eugène Robert-Houdin alizaliwa Blois, Ufaransa, mwaka wa 1805. Alikuwa fundi wa saa, na mwaka wa 1845 alifungua ukumbi wake mdogo Paris, akaonyesha mazingaombwe amevaa nguo za jioni kama mgeni wa heshima, na jukwaani akaweka vyombo vichache. Kabla yake waonyeshaji wengi walivaa majoho na kujaza meza takataka za kung'aa. Mwaka wa 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria, ambako iliogopa nguvu ya masharifu waliokuwa wakiwasisimua watu kwa maajabu. Robert-Houdin alikuwa na sanduku dogo ambalo mtoto aliweza kuliinua, lakini mtu mwenye nguvu akashindwa kulibandua, maana chini ya jukwaa ilifichwa sumaku ya umeme. Kwa maelezo yake mwenyewe, watu waliogopa sana. Kisha wakalimani wakaamriwa kuwaeleza kwamba yote yale yalikuwa ufundi tu. Walakini hofu ilikuwa imekwisha fanya kazi iliyotakiwa na mtawala. Sisi hatumsifu kwa safari hiyo. Kutumia kiinimacho kuwatiisha watu katika nchi yao wenyewe si kazi ya kumstarehesha mtu, na fundi wa leo atakayeombwa na mtu mwenye cheo awatishe wengine kwa ufundi wake, na akatae.

Sasa tuje kwa Harry Houdini, maana habari zake zina mafunzo mengi kwa mtu anayehangaika. Alizaliwa Budapest mwaka wa 1874 kwa jina la Erik Weisz, akapelekwa Marekani angali mtoto, na jina lake la kazi alilitoa kwa huyo Robert-Houdin. Watu humkumbuka kama aliyezaliwa na sifa. Sivyo. Kwa miaka saba au minane alifanya kazi katika nyumba za maonyesho ya bei ndogo, katika vilabu vya pombe na katika sarakasi, pengine akionyesha hata mara ishirini kwa siku moja. Alijiita mfalme wa karata, na wafalme wa karata walikuwa tele. Mwaka wa 1898 alikata tamaa hata akatoa orodha ya kuuza siri zake.

Mwaka uliofuata, katika mji wa St. Paul, alionwa na Martin Beck, mtu aliyekuwa akiajiri waonyeshaji kwa ajili ya majumba makubwa ya upande wa magharibi wa Marekani. Beck hakuvutwa na karata. Aliona jambo moja tu: kijana huyu aweza kufunguka katika pingu. Akamshauri aache vidogo vidogo vyote, ashike pingu na lile sanduku lake la kubadilishana na mkewe. Akampelekea simu ya maandishi aanze Omaha tarehe 26 Machi 1899 kwa dola 60 kwa juma. Houdini aliitunza karatasi ile, akaandika juu yake kwamba ndiyo iliyoigeuza safari ya maisha yake. Tazameni kilichobadilika. Ufundi wake haukuongezeka kati ya Jumatatu na Jumanne. Alipunguza. Akabakiza kile ambacho mwingine hakuwa nacho, na watu wakapata neno moja la kumwita.

Basi ukiwa katika kazi hii, mtafute mtu asiyekuonea haya, wala asiwe ndugu yako, akutazame onyesho zima kisha akuambie ni dakika ipi alisahau kukohoa. Dakika hiyo ndiyo mali yako. Nyingine zitupe, hata kama zimekugharimu fedha.

Houdini alijua na jambo la pili, nalo ni kutangaza. Mwaka wa 1900 alivuka kwenda London bila kazi yoyote iliyopangwa. Alipata nafasi katika ukumbi wa Alhambra baada ya kuwaonyesha polisi wa Scotland Yard kwamba pingu zao hazimzuii. Tangu hapo, kila mji aliofika, alikwenda kwanza kwa polisi, akaomba afungwe. Magazeti yakaandika habari hizo bila yeye kulipa senti. Hiyo ndiyo akili ya tangazo: lisiwe sifa unazojipa, liwe tukio ambalo wengine wataliandika. Hivyo hivyo alifanya P. C. Sorcar wa Bengal. Tarehe 9 Aprili 1956 alionekana katika televisheni ya BBC, akamkata msichana kwa msumeno wa mashine. Mchezo ulipokwisha, msichana hakuamka, na kipindi kikakatizwa kwa kuwa wakati umekwisha. Simu za BBC zikajaa watu wenye hofu wakiuliza kama msichana amekufa. Alikuwa mzima kabisa, na ukumbi ambao Sorcar aliukodi London ukajaa. Ajali ya saa, au mpango wa Sorcar? Sisi twadhani alijua saa yake vema.

Tangazo likiisha leta watu, huja fedha, na hapo ndipo wengi hupotea. Mwaliko wa maneno matupu huzaa maneno. Mtu akikuita harusini au shuleni, mwandikiane: siku na saa, muda wa onyesho, ndani au uwanjani, watoto au watu wazima, nani atalipa nauli ya kwenda na ya kurudi, itakuwaje mvua ikinyesha au onyesho likiahirishwa, na sehemu ya malipo ipokewe kabla ya safari. Katika kupanga ujira usihesabu ile nusu saa ya jukwaani peke yake, maana hiyo ni kama saa ya mvuvi ya kuuza samaki. Ihesabu na bahari. Ihesabu siku ya kwenda, siku ya kurudi, leso zilizochanika, njiwa wanaokula kila siku hata siku isiyo na kazi. Na usionyeshe bure kwa ahadi kwamba utajulikana. Anayekula pilau harusini amelipwa pilau, lakini mwenye nyumba hapokei pilau badala ya kodi.

Alexander Herrmann alikuwa mmoja wa mafundi wakubwa wa Marekani, naye aliishi kama sultani, akasafiri kwa behewa lake mwenyewe. Alipokufa ghafula mwezi wa Desemba 1896, mkewe Adelaide aliachiwa madeni. Bibi huyo hakurudi nyumbani kulia. Alikuwa amefanya kazi kando ya mumewe kwa miaka, akijua kila chombo. Akalishika onyesho, kwanza pamoja na mpwa wa mumewe, kisha peke yake, na akaendelea kwa zaidi ya miaka 25. (Chama cha mafundi cha London kiitwacho The Magic Circle, kilichoanzishwa mwaka wa 1905, hakikukubali wanawake kuwa wanachama hata mwaka wa 1991. Twaona kilichelewa.) Mwenye mke au mume kazini, na amfundishe hesabu za kazi pia, wala si kushika kofia tu.

Tumesema siri ni sehemu ndogo, lakini kuibiwa kunauma vilevile. Sheria itakulinda? Kidogo, na kwa njia isiyodhaniwa. Horace Goldin alijulikana Marekani tangu mwaka wa 1921 kwa mchezo wa kumkata mtu vipande. Akataka kuulinda, akaomba serikalini hati ya uvumbuzi, akapewa mwaka wa 1923. Lakini hati ya uvumbuzi huandikwa wazi, pamoja na michoro, na mtu yeyote aweza kuisoma. Baadaye kampuni moja ya sigara ikaufichua mchezo ule katika matangazo yake. Goldin akashitaki, na mwaka wa 1938 mahakama ikamtupia shauri, maana siri iliyokwisha andikwa katika daftari la umma si siri tena. Alifunga mlango akauacha ufunguo nje.

Teller, Mmarekani aonyeshaye bila kusema neno, alipita njia nyingine. Yeye ana mchezo ambamo kisu hukata kivuli cha ua ukutani, na ua lenyewe hupukutika. Mwaka wa 1983 aliuandikisha kama mchezo wa kuigiza: hatua kwa hatua, mahali pa kusimama, mwanga utokako, tendo lifuatalo tendo. Mtu mmoja wa Ulaya alipouiga na kuutia katika intaneti akitaka kuuza siri, Teller alishitaki, na mwaka wa 2014 mahakama ya Nevada ikasema kwamba haki ya mtungaji hailindi hila, lakini hulinda igizo. Kwa hiyo andika onyesho lako. Maneno yako, mwendo wako, kisa unachokisimulia huku mikono ikifanya kazi: hivyo vyaweza kuwa mali mbele ya sheria.

Siri yaweza pia kuua, na hapa twawaomba msome polepole.

William Robinson alikuwa Mmarekani aliyejifanya Mchina, akajiita Chung Ling Soo, akavaa hariri, na hadharani hakusema Kiingereza. Alimwigia Mchina wa kweli, Ching Ling Foo, jambo ambalo halikuwa la heshima. Lakini hilo silo lililomwua. Mchezo wake mkuu ulikuwa kupigwa risasi akaidaka katika sahani. Bunduki zake zilikuwa magobore. Chini ya mtutu wa gobore hukaa mfereji wa kuwekea mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia. Robinson alizigeuza kwa siri, moto wa fataki usifike mtutuni bali uende katika mfereji ule uliotiwa baruti tupu. Kishindo kilisikika, moshi ukatoka, na risasi ikabaki mtutuni mahali pake. Baada ya onyesho hakuitoa kwa kuifyatua wala kwa kuivuta kwa skrubu kama ilivyo desturi. Alizifungua bunduki kwa nyuma, akatoa risasi na baruti ili visipotee. Mwaka baada ya mwaka vyuma vililika, na baruti ikapenya kidogo kidogo pasipostahili. Usiku wa tarehe 23 Machi 1918, katika ukumbi wa Wood Green, London, moto ulifika mtutuni. Risasi ikampiga kifuani. Akasema kwa Kiingereza, mbele ya watu, kwamba pazia lishushwe. Akafa siku ya pili yake.

Hakuna aliyemchukia, wala hakuna aliyekosea usiku ule. Chombo kilichofanya kazi vema miaka mingi kilichakaa mahali pasipoonekana, na kwa kuwa siri ilikuwa yake, hapakuwa na fundi wa bunduki aliyeruhusiwa kuitazama. Ndiyo maana twasema kila chombo chenye moto, ncha, maji au uzito kikaguliwe kabla ya kila onyesho, nacho kikaguliwe na mtu wa pili anayejua siri. Afadhali watu wawili waijue kuliko mmoja azikwe nayo. Na mchezo wa risasi usiuguse kabisa. Wamekufa kwao mafundi kadhaa, na watazamaji hucheka sawasawa kwa yai.

Mwili nao ni chombo. Houdini mwenyewe, mwezi wa Oktoba 1926, alipigwa ngumi za tumboni huko Montreal na kijana aliyetaka kujaribu nguvu zake. Maumivu yakazidi, homa ikapanda, naye akasafiri hata Detroit akapanda jukwaani tarehe 24 badala ya kwenda hospitali. Kidoletumbo kilikuwa kimepasuka. Akafa tarehe 31. Devant, yule wa michezo minane, mikono yake ilianza kushikwa na ugonjwa wa kupooza, akalazimika kuacha kazi mwaka wa 1920, akaishi miaka mingine ishirini na moja asiyeweza kuonyesha. Mtu ambaye mali yake yote imo vidoleni na aweke akiba mapema zaidi kuliko mwenye duka.

Mwisho, waulizao kama waache kazi waliyo nayo ili wafuate mazingaombwe, twawajibu: msiache bado. Robert-Houdin alikuwa karibu na miaka arobaini alipofungua ukumbi wake, na mpaka hapo saa ndizo zilizomlisha. Tena ufundi wa saa ndio uliompa vyombo ambavyo washindani wake hawakuweza kuviiga. Mwalimu ana sauti na anajua watoto. Fundi cherehani anajua mifuko ya siri. Seremala anajua sanduku lenye kitako cha pili. Anzeni na vile mlivyo navyo, siku za mwisho wa juma. Robert-Houdin alipoliacha jukwaa alirudi kwenye saa zake karibu na Blois, akaijaza nyumba vyombo vya umeme, na katika banda saa mojawapo ilimmwagia farasi wake chakula kwa wakati wake, bila mtu kugusa kitu.